Batau ya Nyangumi mu Saloni Yetu

Posho, 10 mwezi wa pili 2024

Infirmière wa dispensaire alisema niandike. Tension ya damu yangu iko juu, dawa peke yake haitoshi. Mama Odile, bile binakuzungukaka mu kichwa, bitie mu cahier, usilale nabyo. Nikamuambia nilisoma mpaka ine ya primaire tu. Akasema cahier haiulizake diplôme.

Basi naandika.

Leo nilikuwa natafuta kuni ya kuwasha mbabula. Ku paroisse kwenye nafulaka manguo ya bapadri, padri moya muzee alirudia kwabo Ulaya, bitu yake ilibakia mu depo. Kati yake karto munene. Ndani bibao bidogo bidogo, bikavu, byembamba. Nikasema hii itashika moto muzuri! Baliniambia beba tu mama.

Nikafika nayo hapa Kapata, nikaikala pa mulango, nikaanza kuvunja. Stany akatoka mu chumba.

Stany ni mutoto yangu wa kwanza. Tangu shimo ya minerai, madini yetu ya hapa, iliwaangukia ye na wenzake ku barabara ya Fungurume, mwezi wa kumi na moya, bakamutosha kesho yake muzima, hatokake tena. Anakula. Anaitika ndiyo mama. Anaangalia bati ya nyumba. Leo alitoka na miguu yake, akanitosha kibao mu mukono.

"Hii si kuni, mama."

Tangu Noeli hakunipatia maneno mingi vile. Nilipikia bukari ya bunga ya muhindi ku mbabula ya jirani, na furaha yote.


Yenga, 11 mwezi wa pili

Ku kifuniko ya karto iko picha. Batau ya zamani, meli ya bahari, miti mirefu tatu yenye kubeba bitambaa, batu mu mitumbwi bidogo, na samaki munene sawa kanisa ya Kapata. Jessica, ule mutoto wangu wa pili, alitafuta mu telefone. Ni baleine. Mu Kiswahili ya ku Tanzania banaitaka nyangumi. Anasema batu ba zamani balikuwa banaifuata mu bahari myaka mizima juu ya mafuta yake, bapate kuwasha mataa.

Juu ya taa! Nikauliza kama kwabo mawese haikuwa. Jessica akacheka mpaka akakaa chini.

Karatasi ya kufundisha namna ya kujenga ni mu luga yenye hatuijui, na mende balishakula nusu. Nyangumi haiko ndani. Batu habako ndani. Bibao bingi binakosekana (kimoya nilikivunja mi mwenyewe, Mungu anisamehe). Stany anasema byenye binakosa atabitengeneza. Alipanga byote pa meza ya saloni. Televizyo sasa inaikala chini.


Kazi ine, 15 mwezi wa pili

Samy alikuya. Ni rafiki ya Stany, balikuwa bote mu ile shimo. Ye alisharudia kuchimba. Anasema kuko shimo mupya, banamuwekea Stany nafasi. Nilikuwa nimesimama na sahani, sikuweza kuitia chini.

Stany hakuinua kichwa. Alikuwa anapakaa kole, anashikanisha bibao.

"Nimalize kwanza batau. Kiisha nakuya."

Samy akaangalia batau. Akaniangalia mi. Nikamupatia bukari, akakula, akaenda.

Mpaka leo asubui nilikuwa nafurahi juu batau inaenda mbio. Sasa naiangalia na kuogopa. Siku batau itakwisha, mutoto yangu atashuka chini ya udongo. Nimemulomba Bikira Maria batau isiishe. Sijuwi kama batu banalombaka vile.


Yenga, 18 mwezi wa pili

Ndani ya tumbo ya batau, ku picha, kuko mapipa na nafasi ya kulala. Stany haweki mapipa. Anaweka nguzo. Nguzo na nguzo na bibao ya kukinga juu, sawa vile bacreuseur ba muzuri, bale bachimbaji, banafanyaka mu galeri, njia ya chini, ili udongo isianguke. Hata sindano haipite kati.

Nikauliza, sasa batu ya batau batalala wapi?

"Chini hapana mutu," akasema. "Bote juu."

Nikaenda kukoroga chungu. Ilikuwa imeshatoka ku moto zamani.


Posho, 24 mwezi wa pili

Nimepata dawa. Haiko ya tension — ni ya batau isiishe!

Nilimuuliza Jessica safari ya kuvua nyangumi ilikuwa inachukua muda gani. Akasema myaka tatu, ine. Nikaenda kwa Stany, nikamuambia mutoto, batu habawezi kwenda myaka ine bila nyumba ya kuku. Akawaza. Akaijenga, siku tatu, na kamulango kake. Nikamuambia na manguo banafula, banaanika wapi? Akavuta kamba ya kuanikia, kutoka uzi ya mufuko ya minerai. Leo nikalomba chapelle. Jessica akajitia mu maneno: bale batu balikuwa Baprotestanti. Nikasema basi temple, wasali bila sanamu. Stany ananiangalia kidogo kwa upande, lakini anajenga.

Kwenye picha kuko fourneau ya matofali juu ya batau, ya kupikia mafuta ya samaki. Moto, juu ya mbao, katikati ya bahari! Nani aliruhusu? Nilimulazimisha aweke ndoo ya muchanga pembeni.

Baba yabo Gaston alipiga telefone kutoka Lubudi kwenye analimaka muhindi. Akauliza Stany anafanya nini. Nikasema anajenga batau ya kuvua nyangumi. Nikafikiri rezo imekatika. Kiisha akauliza kama ile samaki iko na magamba.

Nikasema hapana.

Akasema, basi usiikule.


Kazi mbili, 27 mwezi wa pili

Batu nilibafinyanga mi, na bukari ngumu, nikabaanika juu ya bati. Balikauka muzuri. Kapita ya batau, mukubwa yabo, nilimuvalisha kofia ya karto. Asubui nakuta panya imekula kichwa ya kapita. Kichwa tu! Bengine habakuguswa.

Stany aliona ule mutu na kofia yake pa mabega. Mudomo yake ilicheza upande moya. Haikuwa kucheka kabisa lakini ilikuwa njia ya kwenda kucheka.

Nikasema nitatengeneza kichwa ingine kesho. Usiku… hapana, pale pale nikajiambia: Odile, usiharakishe.

Nyangumi ni ya udongo ya kisuguru, kilima ya mchwa, tukaipakaa cirage ya biatu. Nyumba yote inanuka sawa kazerne ya basoda. Ilikuwa munene sawa mukono yangu, Jessica akasema ni mutoto wa nyangumi huyo. Stany akaanza tena. Sasa haitoshi pa meza, inabanana na batau. Alitosha mulango ya chumba ya Jessica, akailalisha juu ya meza. Jessica amenuna. Nimemutundikia kikwembe pa nafasi ya mulango.


Yenga, 3 mwezi wa tatu

Bahari.

Stany anasema bahari ni bluu. Bluu hatuna. Lakini chini ya kitanda yake iko mufuko ya mawe ya kijani, malachite, alibakia nayo kutoka shimo. Akasema mama, unaweza kutwanga? Mutoto anaulizia mama yake kama anaweza kutwanga! Nilitwanga mangaribi yote mu kinu ya sombe. Tulifunga madirisha na marido ya kitambaa juu upepo inabeba ile bunga. Mikono yangu ilikuwa kijani mpaka ku kiwiko.

Ilikuwa na mabonge. Nikaenda kwa jirani, Mama Jocelyne, kulomba chungio ya bunga. Mama Jocelyne ni rafiki yangu, tulizaa mu maternité moya, ye Stéphane, mi Stany, kitanda na kitanda. Akaangalia mikono yangu. Akauliza munachunga nini, mama?

Nikasema, bahari.

Alinipatia chungio pole pole sana.


Kazi tatu, 6 mwezi wa tatu

Ku soko, mama wa tomati aliinama ku sikio yangu. Mumefika wapi?

Nikafikiri Jessica alimusimulia. Nikamujibu tumefika ku bitambaa, bado kamba. Akafunga macho kama mutu anaumia. Akasema sisi ni bandugu, Mama Odile, usitufiche.

Nilirudia, na mu njia nikaelewa. Nyumba yenye marido ya kufungwa. Kinu inalia mangaribi. Mikono ya kijani. Mutoto creuseur, mwenye hatoke inje. Batu hapa balichimba mu byumba, mu jiko, chini ya kitanda ya mutu mwenye alikuwa analala juu yake! Mi pia, kama niliona ya mwenzangu, ningesema: hawa balipata minerai chini ya saloni.

Nilifungua marido yote. Jessica anasema sasa ni mubaya zaidi, inaonekana tumemaliza.


Posho, 9 mwezi wa tatu

Shefu ya avenue, Tata Kyungu, alikuya "kusalimia". Nikafurahi! Nikasema huyu ni mutu ya serikali, ataona na macho, ataenda kuambia batu.

Nilimuonyesha byote. Nyangumi, mitumbwi, mikuki ya rayon ya kinga (bichuma ya gurudumu ya baisikeli), nyumba ya kuku, temple. Alizunguka meza mikono nyuma. Akainama akaangalia chini ya meza. Akainua mukeka. Akapiga simenti na kisigino, hapa, na pale, na pale. Kiisha akauliza udongo tunaitupa wapi.

Nikasema tata, hakuna udongo.

Akatosha kofia, na heshima.

"Mama Odile, nilitumika mu mine mpaka retraite. Nimeona batu banafichaka shimo na kitanda, na frigo, hata na jeneza. Lakini na batau! Mutoto yako iko na akili."

Ku mulango akanishika mukono. Anaomba tusisahau avenue.


Kazi mbili, 12 mwezi wa tatu

Kwa Mama Jocelyne banachimba choo.

Ile ya zamani imejaa, anasema. Sawa. Lakini balivuta bâche, turubai ya orange, pande zote. Bwana yake, Tata Kabemba, alimwanga bia pa udongo mbele ya kuanza, sawa bacreuseur banafanyaka. Bia, juu ya choo! Na banaume ba taa pa kichwa, Stéphane kati yabo, banashuka asubui na chakula ya midi na banapanda jua ikilala. Choo ya namna gani hiyo. Hata régiment mzima haiwezi kuijaza.

Stany anashona kitambaa ya muti ya tatu na shati ya zamani ya padri.


Kazi tano, 15 mwezi wa tatu

Batu ya bukari banaanguka. Tunabasimamisha, banaanguka. Bote upande ya kwa Mama Jocelyne, sawa kuko kitu banaenda kuangalia. Na bahari, ile bunga ya kijani tulipakaa na kole pa meza, imepasuka kidogo.

Stany akasema ni kole yangu ya bunga. Kiisha akalala chini, sikio pa simenti. Nikaona uso yake inageuka.

"Burin," akasema. Ni ile chuma ya kupasulia mawe. "Banakuya kwetu. Na habatie nguzo, mama. Ningesikia nyundo pa muti."

Nilikimbia kwa Mama Jocelyne. Nikamuapia: chini yetu hakuna kitu, mutoto wangu anajenga batau, kuya uangalie. Ye anachambua tu mboga. Akaniuliza kama hakuna kitu, juu ya nini ninaogopa? Chini ya udongo hakuna lupango, hakuna mupaka ya kiwanja, akasema. Ni ule mama mwenye tulikulaka naye sahani moya.

Basi Stany akatoka. Alipita lupango! Tangu mwezi wa kumi na moya hakupita ile mulango, na leo alipita bila biatu. Alisimama pa bâche, akabaambia bakate miti, batie nguzo, udongo ya upande huu ni laini na mvula iko njiani. Balimucheka. Anataka kutufukuza ku filon yake, mushipa ya minerai, balisema. Stéphane alimuuliza kama nyangumi inaendelea muzuri.

Alirudia. Nilimumiminia chai, akaishika tu.


Kazi moya, 18 mwezi wa tatu

Mvula jana, mvula leo. Banashuka tu.

Bahari ilipasuka katikati. Stany aliijaza. Batau imekwisha. Naandika hii neno na mukono inakataa. Kamba zote, mitumbwi yote, kuku pia iko mbili. Inabakia kichwa ya kapita tu.

Aliniuliza iko wapi. Nikasema bunga ya bukari ya juzi ni mubaya, haishikamane. Akasema hata ya leo? Hata ya leo, nikasema. Akaniangalia wakati murefu, na macho ya utoto wake. Kiisha akafunika batau na kitambaa, akanisaidia kuosha sahani.


Kazi mbili, 19 mwezi wa tatu

Infirmière alisema niandike roho ikipiga mbio. Inapiga. Naandika.

Ni kisha midi. Choo ya Mama Jocelyne imeanguka.

Tulisikia tu sawa mutu anaangusha mufuko ya bunga mu chumba ingine. Nyangumi ikaruka ku meza. Tata Kabemba akaingia kwetu bila kubisha, tope mpaka mu meno, biatu hakuna. Alikuwa anaonyesha chini, anaonyesha chini.

Kiisha tukasikia sisi wenyewe. Ko. Ko. Ko. Chini ya meza yetu.

Stany alikuwa ameshalala, sikio pa simenti. Banagonga mara tatu, iko batatu, alisema, Stéphane na wenzake bawili, banapumua. Galeri iliziba nyuma yabo. Kupita ku mudomo ya shimo ni mpaka kesho, na mvula itawatangulia. Kupita hapa, ni karibu. Akasimama, akaniomba ruhusa.

"Mama, nipasue saloni?"

Nikasema pasua.

Batau sasa. Haitoke! Ilijengwa ndani, miti yake haipite mu mulango, haipite mu dirisha, tulipima hivi, tulipima vile, na banaume ba tano banasema inua, shusha, angalia temple. Stany akasema muiache. Akaniikalisha pa kiti ku kona, akanitia batau pa magoti. Nyangumi iko mu beseni.

Alikata mulango ya Jessica vipande vipande, ni nguzo. Alikata kitanda yake. Alikata meza. Anakata na kipimo ya macho tu, bengine banabeba, hakuna mwenye anacheka. Simenti ilivunjika na nyundo ya Tata Kabemba.

Avenue yote iko ku dirisha. Tata Kyungu anaambia batu: niliona tangu mwanzo, shimo iko palepale nilipiga kisigino. Mwengine aliuliza PDG, mwenye hii shimo, ni nani. Mwengine akasema mwanamuke asiikale karibu na shimo, ni kanuni, minerai inakimbia. Stany akasema bila kugeuka, mama anabakia.

Kiisha akafunga taa pa kichwa.

Nilitaka kusema usishuke. Neno ilikuwa pa ulimi, nzima. Lakini Mama Jocelyne alikuwa ameshaingia, ameanguka pa miguu yangu, ameshika nyuma ya batau na mikono mbili, kama mimi, ili isidondoke. Hatukuangaliana. Basi nikanyamaza.

Stany aliinama juu ya batau. Nilifikiri atanibusu. Aliangalia kapita, mutu wangu bila kichwa.

"Haijakwisha," akasema. "Kichwa usiitie, mama. Nitaitia mi."

Alijua. Nyumba ya kuku, kamba ya manguo, temple — yote alijua, na alijenga.

Akashuka.

Naandika juu ya batau, cahier iko kati ya kuku na fourneau. Kila nyundo inapiga chini, batu ya bukari banatikisika bote pamoja, sawa banaitika. Nasikia anagonga muti: ni nguzo ya kwanza. Nguzo ya pili. Banapitisha vipande vingine. Nguzo ingine.

Chini bakagonga. Stany akajibu.

Sasa ni kimya. Mvula inaanza tena pa bati.

Mama Jocelyne haachilie batau. Ananiuliza, na sauti ndogo, hii kanyumba kadogo hapa ni ya nini.

Namuambia ni ya kuku.

Anafungua kamulango na kidole. Anaangalia ndani, wakati murefu. Anasema habajataga.

Namuambia bado, mama. Haijakwisha.